Shemeji wa Mtandaoni

"Nakuuliza, Dada. Mbona humu naona wewe na mchumba wangu mmekuwa marafiki tangu mwaka juzi?"

Ndiyo, msomaji, hapo ndipo tulipomwacha Mshauri wiki jana. Amekaa kwenye kochi la mama yake, kikombe kiko nusu ya safari kwenda mdomoni, na mdogo wake wa mwisho, yule wanayemwita Kitinda, amemsimamia mbele huku simu inawaka mkononi. Wiki nzima mmenipigia kelele nimwambie ajibu. Haya, anajibu. Ila msije mkanilaumu mimi.

"Marafiki?" Mshauri alisema. "Marafiki wapi?"

"Usinizungushe. Soma mwenyewe."

Akasoma. Ilikuwa imeandikwa waziwazi, mwezi na mwaka. Upande huu picha yake, upande ule picha ya yule fundi lifti mwenye sauti ya chini, ambaye Mama alimbandika jina la Mpole siku ya kwanza tu alipokuja kujitambulisha. Jumamosi hii Mpole anamwoa Kitinda. Kadi zimeshagawiwa na gauni limeshapunguzwa kiunoni.

"Mimi nimemjua mwaka huu," Kitinda alisema. "Na siku nilipomleta hapa mlipeana mikono, mkaambiana mmefurahi kufahamiana. Mbele ya Mama! Kwani nyie mnafahamiana mara ngapi?"

Mama alikuwa anakunja mashuka. Akaacha kukunja.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa kinyozi: Mshauri anafanya kazi kwenye ofisi ya ushauri wa ndoa, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Kila Jumanne hupanga viti duara, akakaa na wanaume walioamriwa na mahakama kuja pale kwa sababu wamewapiga wake zao. Yanayosemwa kwenye viti vile hayatoki nje. Mshauri ameapa na kutia saini. Na mwaka juzi, kiti cha karibu na dirisha alikuwa anakikalia Mpole.

Basi hapo ungekuwa wewe ungefanyaje? Akisema, amevunja kiapo na kazi imeota mbawa. Asiposema, mdogo wake anaolewa na mtu aliyemvunja mke wake wa kwanza taya.

"Ni mtu wa kazini," alisema.

"Kazini kwako? Yeye anatengeneza lifti. Ofisi yenu ina ngazi tu, tena zile za kuvunja magoti."

"Watu wengi wanapita pale, Kitinda."

"Na wote unawapa urafiki kwenye ukurasa wako? Wote unawawekea mioyo myekundu?" Kitinda alikuwa anapandisha picha kwa kidole gumba, haraka haraka. "Hii hapa ana pikipiki mpya. Moyo. Hii amevaa suti. Moyo, na maneno juu: 'Umependeza, endelea hivyo hivyo.' Endelea hivyo hivyo na nini, Dada?"

Endelea hivyo hivyo na kuacha pombe, msomaji. Ndivyo alivyomaanisha. Siku ile mtu yule alikuwa amemaliza vikao vyake vyote na Mshauri alimfurahia kama anavyowafurahia wote. Lakini hebu yasome maneno hayo ukiwa wewe ndiye bibi harusi.

"Ulikuwa naye," Kitinda alisema. "Ndiyo maana tangu nimlete hapa umenuna. Ndiyo maana unaniuliza kila siku kama nimefikiria vizuri. Kumbe ulikuwa naye wewe!"

"Mungu wangu! Sijawahi! Naapa mbele ya Mama."

"Basi sema mlijuana wapi."

Mshauri alikirudisha kikombe mezani.

"Sema, mwanangu," Mama alimbembeleza. "Neno moja tu yaishe. Kwani kuna nini?"

"Mama, siwezi."

Kitinda akacheka, kicheko cha mtu anayejizuia kulia. Akachukua mkoba wake juu ya meza.

"Umemsikia mwenyewe, Mama. Hawezi. Na Jumamosi asije."

Mlango ulifungwa kwa kishindo mpaka kalenda ikaanguka ukutani. Mama hakuiokota. Alimtazama bintiye mkubwa kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu amzae, kisha akarudia mashuka yake.

* * *

Asubuhi iliyofuata Mshauri alijikaza kisabuni. Alikuwa amekata shauri. Ataingia kwa Mkuu wa ofisi, ataeleza yote, ataomba ruhusa ya kusema. Mkuu ni mama mtu mzima, mkali lakini wa haki. Atamwelewa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Funga mlango, ukae."

Mshauri akafunga. Akakaa. Akafungua kinywa, lakini Mkuu alikuwa ameshamwekea kompyuta mbele yake.

"Kabla hujasema chochote, niambie haya ni ya nani."

Kwenye kioo palikuwa na meseji. Mshauri aliitambua namba yake mwenyewe juu kabisa, na maneno yake mwenyewe chini yake. "Umeamkaje leo?" "Jana nimekuwaza sana." "Ukisikia vibaya nipigie saa yoyote, hata usiku, mimi nipo." Na moyo. Na moyo tena.

"Ni ya kwangu," alisema. "Lakini, Mama..."

"Yameletwa jana na mteja wako wa zamani. Ameleta malalamiko rasmi. Anasema alipokuwa kwenye vikao vyako ulimtaka, akakukataa. Anasema sasa anaoa, na wewe unataka kuivuruga harusi yake."

Mmeona jamani? Mtu tuliyemwita Mpole! Mshauri anatafuta njia ya kupita, kumbe mwenzake ameshapita na njia ameiziba nyuma yake.

"Ni uongo!" Mshauri alisimama. "Zile ni meseji za ufuatiliaji. Nawaandikia wote hivyo. Nenda kwa yeyote kati ya wale wa Jumanne, utakuta 'umeamkaje' zimejaa."

"Kutoka namba yako binafsi?"

"Simu ya ofisi ilikufa, Mama. Nilileta taarifa kwako, ukasema tusubiri. Wao walikuwa hawasubiri. Mtu anapandwa na hasira jioni, mkewe yuko jikoni, ampigie nani? Nikawapa namba yangu."

"Na ukurasa wako? Ule wenye picha za mama yako na za pikiniki? Huo nao ulikufa?"

Mshauri alikumbuka ombi la urafiki la kwanza lilivyoingia. Alilitazama siku mbili. Akaona akimkataa, mtu atajisikia ametengwa, na pale kwenye viti wanafundishwa kwamba hakuna anayetengwa. Akabonyeza kukubali. Wa pili akaja, wa tatu akaja, ikawa mazoea. Wao wakaona siku za kuzaliwa za nyumbani kwake, yeye akaona watoto wao wakianza shule. Alijiambia ni sehemu ya kazi.

"Mama, sikiliza," alisema. "Anayemwoa ni mdogo wangu. Tumbo moja. Jumamosi hii. Na wewe unajua alichokifanya kwa yule wa kwanza."

Mkuu alivua miwani. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea.

"Mdogo wako? Tangu lini unajua?"

"Tangu alipokuja nyumbani kujitambulisha, wiki sita sasa. Kabla hata hatujamaliza chai."

"Hiyo ni zaidi ya mwezi! Kanuni zetu zinaruhusu kusema kama mtu yuko hatarini. Ungekuja siku ile ile, ningempigia simu binti mwenyewe kabla jua halijazama. Kwa nini hukuja?"

Mshauri alitazama mikono yake.

"Niliogopa utaniuliza ameingiaje kwenye ukurasa wangu."

Mkuu akairudisha miwani usoni. Mimi hapo sisemi kitu, maana mtu akishajisuta mwenyewe, wewe unaongeza nini?

"Leo nikipiga simu," Mkuu alisema hatimaye, "yeye atasema ni wivu, na picha za meseji zako anazo. Nani atamwamini nani? Lazima kamati ya nidhamu ikae kwanza. Inakaa wiki ijayo."

"Wiki ijayo ameshaolewa!"

"Najua. Wacha nihangaike niikalishe mapema. Kwa sasa nenda nyumbani, acha funguo zako hapa. Na ni marufuku kumsogelea huyo mteja au mchumba wake kabla kamati haijakusikiliza. Ukifanya hivyo, hata mimi sitaweza kukuokoa."

Mshauri aliziweka funguo mezani. Alikuwa amekwenda kuomba ruhusa ya kusema, akatoka bila ruhusa na bila kazi.

* * *

Alikaa kwenye ngazi, katikati ya kupanda na kushuka, watu wa duka la mapazia wakimruka na mabunda yao. Akaitoa simu. Alitaka kumfuta yule mtu kwenye ukurasa wake. Angalau hilo alifanye.

Lakini kabla ya kumfuta, mkono ukamtuma atafute jina lake, aone amewahi kuandika nini. Ni tabia ya sisi sote, usimcheke.

Vitu vilikuwa vichache. "Hongera." "Pole na msiba." "Asante Mshauri." Halafu akaikuta posti moja ya zamani.

Ilikuwa picha ya Kitinda amevaa koti jeupe, amesimama mbele ya duka lake la miwani siku ya kulifungua, anacheka meno yote nje. Juu yake Mshauri mwenyewe alikuwa ameandika kwa furaha: "Jamani, mdogo wangu kipenzi amefungua duka! Nyuma ya stendi kuu, mlango wa bluu. Hana mume, hana mtoto, ana kazi tu! Nendeni mkamuungishe!"

Na chini yake, katikati ya hongera za mashangazi: "Macho yananisumbua siku hizi. Nitapita."

Ni Mpole.

Na chini yake tena, jibu la Mshauri: "Karibu sana! Mwambie nimekutuma mimi!"

Kitinda alikuwa anapenda sana kusimulia jinsi walivyokutana. Alisimulia kwa Mama, kwa mashangazi, kwa mpambaji wa ukumbi. Kwamba siku moja mwanaume aliingia dukani akasema haoni vizuri, akapimwa, macho yakakutwa mazima kabisa, naye akasema, "Basi ni wewe ndiye uliyekuwa huonekani." Watu walikuwa wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Mshauri naye alicheka. Wote walidhani ni bahati.

Hakuwa amepita kwa bahati. Alikuwa ameelekezwa mpaka rangi ya mlango. Na aliyemwelekeza ni dada mtu.

Mshauri aliziba mdomo kwa kiganja akalia pale pale kwenye ngazi. Mwanamke mmoja mwenye bunda la pazia alisimama kumuuliza kama anaumwa. Alitikisa kichwa. Kisha akainuka, akampigia mama yake.

"Mama, Kitinda yuko wapi?"

"Dukani, anamalizia miwani za watu kabla ya harusi. Unakwenda kumwomba radhi?"

"Nakwenda kumwambia ukweli."

"Afadhali, mwanangu! Nenda. Mpatane. Mimi roho yangu haijatulia tangu jana."

Marufuku ya Mkuu alikuwa anaikumbuka vizuri sana. Alishuka ngazi hivyo hivyo.

* * *

Kitinda alikuwa peke yake, ameinamia mashine ya kusagia vioo. Aliposikia mlango hakuinua hata kichwa.

"Tumefunga."

"Ni mimi."

"Basi ndiyo tumefunga kabisa."

"Nitatoka nikishasema. Ukitaka unitukane, unitukane baadaye." Mshauri alishika ukingo wa kaunta. "Yule mtu ni mteja wangu. Wa Jumanne."

Mashine ilizimwa.

Nyumbani kwao hakuna asiyejua Jumanne ni siku gani. Mama huwaita mabondia. "Leo unakwenda kwa mabondia wako?" humtania kila wiki, na Kitinda humsaidia kucheka.

"Mabondia?" Kitinda aliuliza taratibu.

"Ndiyo. Alikuwa ameoa. Alikudanganya kwamba mkewe alikimbilia kwa mwanaume mwingine. Alitolewa kwenye ile nyumba kwa gari la hospitali, taya limevunjika. Mahakama ikamleta kwetu. Sijawahi kuwa naye, Kitinda. Sijawahi hata kumuwaza. Nilimpa urafiki kwa ujinga tu, nikidhani namsaidia. Na duka hili alilijulia kwangu. Mimi ndiye niliyemwelekeza."

Akamwonyesha ile posti. Kitinda aliisoma. Aliisoma tena, akimaliza na lile jibu la "mwambie nimekutuma mimi." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ulijua lini kwamba ndiye?"

"Siku ulipomleta."

"Ukampa mkono."

"Nikampa mkono."

"Tukaenda wote kuchagua gauni. Ukanifunga vifungo mgongoni kimoja kimoja, huku unajua." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Dada, mimi ungeniacha kweli nilale nyumba moja naye kwa sababu ya kiapo?"

"Si kiapo tu. Niliogopa kazi. Niliogopa aibu. Nikajidanganya amebadilika, alimaliza vikao vyote, alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote." Mshauri naye alikuwa analia. "Sina cha kujitetea. Nichukie ukitaka, lakini usiolewe naye."

Kitinda aliketi kwenye kile kiti kirefu cha wateja. Akakitazama kibao cha herufi ukutani, zile kubwa za juu na zile ndogo za chini.

"Pale kwenye viti," alisema, "alisema kwa nini alimpiga?"

"Kitinda..."

"Alisema nini? Kiapo umeshakivunja, kimalizie."

"Alisema yeye si mtu wa kupiga hovyo. Alisema mkewe alikuwa na maswali mengi."

Kitinda aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayethibitishiwa kitu. Kisha akaanza kupandisha mkono wa koti lake jeupe. Ukapita kifundo cha mkono, ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Vidole vilikuwa vimejichora pale, vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili, vimeanza kuwa na rangi ya zambarau.

Mshauri alinyoosha kidole kuzigusa alama zile, akakirudisha.

"Swali lile nililokuuliza wewe, nilianza kumuuliza yeye," Kitinda alisema. "Nilimuuliza vizuri tu, nacheka. Mbona wewe na Dada ni marafiki humu? Hakunijibu kwa mdomo. Alipomaliza ndipo akasema, 'Kamuulize dada yako.'"

"Ooh, mdogo wangu."

"Nilikuja jana nikiwa naomba uniambie ulikuwa naye. Unaelewa? Nilikuwa naomba Mungu iwe ni hivyo. Ningejua alikasirika kwa aibu, yangekwisha. Ningekuchukia wewe, nikaolewa." Alishusha pumzi. "Ukaniambia huwezi."

Mshauri alizunguka kaunta akamkumbatia, na Kitinda hakumsukuma. Walilia wote wawili, kichwa kwa kichwa, kama walivyokuwa wakilia zamani wakichapwa pamoja.

"Twende kwa Mama," Mshauri alisema. "Tukaivunje hiyo harusi. Mimi nitasema mwenyewe mbele ya mashangazi wote."

"Twende. Ngoja nizime taa."

Hapo simu zao zote mbili zikalia kwa pamoja, moja kaunta, moja mkobani.

Lilikuwa grupu la familia. Mama ameandika, na alama za mikono ya kuomba tatu: "Wanangu wote wawili wako dukani sasa hivi, Dada Mkubwa amekwenda kumwambia mdogo wake ukweli wote. Tuwaombee wapatane. Harusi ni yetu sote."

Shangazi mmoja akajibu amina. Mwingine akaweka maua.

Kisha likaingia jibu la mtu mwingine. Mama mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye grupu lile, siku ile ile ya uchumba, kwa sababu alisema mkwe naye ni mtoto.

"Usijali, Mama," Mpole alikuwa ameandika. "Niko hapa hapa karibu. Nawapitia."

Mshauri hakungoja. Aliruka mpaka kwenye mlango wa bluu, akasukuma komeo la juu, akasukuma la chini, akazungusha funguo. Akageuka, mgongo ameuegemeza mlangoni, anahema.

"Hapiti hapa," alisema. "Piga polisi. Piga sasa hivi."

Lakini Kitinda hakuwa anautazama mlango ule. Alikuwa ameshika simu bila kuibonyeza, na macho yake yako kwenye pazia la stoo, nyuma ya mashine.

"Dada," alinong'ona. "Funguo ya mlango wa nyuma nilimpa yeye."